Kalenda ya Mapato na Kalenda ya Marejesho: Kuanza Kulipa Madeni Arusha na Meru

Deni binafsi, yaani fedha au mali ambayo mtu au kaya yake inadaiwa na benki, kampuni, kikundi, duka au jirani, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba chanzo chake ni tabia tu: mkopaji hulaumiwa kwa kupenda makubwa, na ushauri anaopewa huishia kwenye kubana matumizi. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi kueleza kwa nini katika Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru watu wenye bidii, wanaofungua meza zao Soko la Kilombero kabla jua halijachomoza, hukopa mwezi huu ili kulipa mkopo wa mwezi uliopita. Sababu kubwa zaidi ni kwamba mapato ya eneo hili huja kwa misimu, ilhali marejesho, yaani fedha anazotoa mkopaji kila siku, kila wiki au kila mwezi ili kurudisha mkopo, hayajui msimu. Kwa hiyo mtu anayetaka kuanza kulipa madeni yake ana kazi ya kufanya hata kabla hajapata shilingi ya ziada, nayo ni kuziweka kalenda hizo mbili pamoja na kuona zinagongana wapi.

Utalii, ambao unalisha hoteli, kampuni za safari, madereva, waongozaji, wapishi na wapagazi wanaopanda Meru kutokea lango la Momella, hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari, kisha hunywea Aprili na Mei, mvua za masika zinaposhika na baadhi ya kambi za porini kufungwa kabisa. Mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya mlima huvuna katika nusu ya pili ya mwaka, na malipo yake humfikia kwa awamu. Anayelima nyanya, kabichi au viazi hupata fedha nyingi kwa majuma machache, kisha hukaa miezi akiweka tu shambani. Hata muuza ndizi wa Tengeru, ambako gulio hufanyika Jumatano na Jumamosi, ana siku mbili za kuuza kwa wingi na siku tano za kusubiri. Wenye mshahara wa mwisho wa mwezi wapo, na idadi yao katika ofisi za serikali, shule, hospitali na mashamba ya maua ya Usa River si ndogo, lakini wengi wao nao wana ndugu na biashara ndogo zinazotegemea misimu hiyohiyo.

Hatari ya utegemezi huu ilionekana wazi mwaka 2020, pale watalii wa kimataifa waliofika Tanzania waliposhuka kutoka zaidi ya 1,500,000 mwaka uliotangulia hadi takribani 620,000 kwa sababu ya janga la korona. Magari ya safari yaliyonunuliwa kwa mkopo yalisimama uani, na mikataba ya mkopo haikusimama pamoja nayo. Idadi ya wageni imepanda tena tangu wakati huo na mwaka 2023 ilivuka 1,800,000, lakini ongezeko hilo halikufuta tofauti kati ya Agosti na Mei.

Matumizi nayo yana misimu yake, na bahati mbaya ni kwamba misimu hiyo haikai upande wa mapato. Elimu ya msingi na ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali hutolewa bila ada tangu 2016, lakini Januari bado hudai sare, viatu, madaftari na michango ya chakula, na kwa wazazi wa shule binafsi hudai ada yenyewe. Mwezi huo hufuata mara tu baada ya Desemba ya safari za nyumbani, Krismasi na sherehe. Katika familia za Kilutheri, ambazo ni nyingi Arusha na Meru, karamu za kipaimara huangukia mwishoni mwa mwaka, na maturubai, vinywaji, keki na mpiga picha wa siku moja vimekuwa chanzo cha mikopo ambayo mtoto aliyefanyiwa sherehe huikuta nyumbani hata anapoingia kidato kinachofuata.

Hatua ya kwanza ya kulipa, basi, ni ukurasa mmoja wa daftari wenye miezi 12. Chini ya kila mwezi mkopaji huandika fedha anazotarajia kwa uhakika, akichukua kiwango cha mwaka wa kawaida na si cha mwaka bora kuliko yote anaoukumbuka, kisha chini yake huandika jumla ya marejesho yanayomngoja. Miezi ambayo mstari wa pili unazidi wa kwanza ndiyo miezi ambayo mikopo mipya huzaliwa. Kwa dereva wa watalii mara nyingi ni Aprili na Mei, kwa mzazi wa shule binafsi ni Januari, na kwa mkulima ni kipindi kile cha kununua mbegu na dawa. Kujua miezi hiyo mapema kuna thamani kubwa kuliko azimio lolote la jumla la kuacha kukopa, kwa sababu azimio hilo huvunjika palepale kalenda inapokosa fedha.

Ukurasa wa pili ni wa orodha ya madeni yote, na neno yote lizingatiwe. Watu hukumbuka mkopo wa benki kwa sababu una karatasi, wakasahau deni la duka la mtaani, kodi ya miezi miwili iliyobaki, mchango wa harusi walioahidi kwa kadi na hesabu ya pikipiki ya mkataba, yaani kile kiasi ambacho dereva wa bodaboda hulipa kila siku kwa mwenye chombo hadi chombo kiwe chake. Deni linalosahaulika kuliko yote ni udhamini: aliyemwekea mwenzake saini ni mdaiwa pia, kwa kuwa mwenzake akishindwa, mkopeshaji atamgeukia yeye. Kwa kila deni iandikwe ni nani anayedai, kiasi kilichobaki, kiasi cha rejesho na siku yake, kitu kilichowekwa dhamana, faini ya kuchelewa, na jibu la swali moja ambalo wakopaji wachache sana huuliza: deni likimalizwa kabla ya muda, riba inapungua au haipungui?

Swali hilo linahitaji maelezo, kwa sababu hapa ndipo wakopaji wengi huumizwa bila kujua. Riba, ambayo ni bei ya kutumia fedha ya mtu mwingine, hukokotolewa kwa njia kuu mbili. Katika njia ya kwanza, inayoweza kuitwa riba ya kiwango bapa, riba hupigwa kwenye kiasi chote kilichokopwa tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama mkopaji ameshalipa nusu. Katika njia ya pili, riba ya salio linalopungua, kila mwezi riba hupigwa kwenye kile tu kilichobaki. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango bapa mkopaji atalipa riba ya shilingi 420,000, na rejesho lake la kila mwezi litakuwa takribani shilingi 118,300. Kwa salio linalopungua rejesho litakuwa takribani shilingi 103,500, na riba yote ya mwaka itakuwa kama shilingi 242,000. Asilimia iliyotajwa kwa mdomo ni ileile, lakini tofauti inakaribia shilingi 178,000, ambayo kwa kaya nyingi za Ngarenaro au Sakina ni zaidi ya kodi ya mwezi mmoja wa chumba. Kwa hiyo asilimia pekee haimwambii mkopaji gharama ya mkopo. Kinachomwambia ni jumla ya fedha zitakazotoka mfukoni mwake hadi siku ya mwisho, pamoja na ada ya fomu, bima na makato yote ya mwanzo.

Mikopo inayoitwa mtaani kausha damu ndiyo inayoonyesha jambo hilo kwa ukali. Hii ni mikopo midogo ya muda mfupi, inayotolewa ndani ya saa chache bila maswali mengi, kwa dhamana ya friji, televisheni, cherehani au hata kadi ya benki ya mkopaji, na marejesho yake hukusanywa kila siku au kila wiki. Tuseme mama lishe amekopa shilingi 300,000 na kutakiwa kulipa shilingi 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla ni shilingi 390,000, na mkopeshaji ataieleza kuwa riba ya asilimia 30. Lakini mama huyo hakukaa na shilingi 300,000 kwa mwezi mzima. Alianza kuzirudisha kesho yake, na kwa wastani wa mwezi huo alikuwa ameshika kama nusu tu ya fedha hizo. Ukiipima riba ya shilingi 90,000 kwa fedha aliyokuwa nayo kweli mkononi, inakaribia asilimia 60 kwa mwezi mmoja. Biashara ya wali na maharage haizai faida ya kiwango hicho, wala biashara nyingine halali za mtaani hazizai, na kwa hiyo rejesho halitoki kwenye faida. Linatoka kwenye mtaji, na mtaji ukiisha mkopaji hurudi kwa mkopeshaji yuleyule kuomba tena.

Sheria haiko kimya juu ya mambo haya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo vinavyojulikana kama SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Kila anayekopesha katika daraja la pili anapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na Benki hiyo iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa daraja hilo. Mkopo wa mama lishe aliyetajwa hapo juu unavuka kikomo hicho mara nyingi. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinampa mkopaji haki ya kuelezwa gharama zote kabla ya kusaini na haki ya kulalamika, kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe na kisha Benki Kuu, ambayo ina tawi lake hapohapo Arusha. Inasikitisha kwamba wengi huijua sheria hii siku ambayo vitu vyao vimeshabebwa, na mwandishi yeyote anayejali watu wa jiji hili ana wajibu wa kuitaja kabla ya siku hiyo.

Baada ya kurasa hizo mbili kukamilika, hufuata uamuzi wa deni lipi lilipwe kwanza kwa fedha yoyote ya ziada, huku mengine yakipewa marejesho yake ya kawaida. Wataalamu wa fedha wana njia mbili. Wengine husema lilipwe lenye riba kubwa kuliko yote, kwa sababu kihesabu njia hiyo huokoa fedha nyingi zaidi. Wengine husema lilipwe deni dogo kuliko yote bila kujali riba, kwa sababu mtu akifuta jina moja kwenye orodha hupata nguvu ya kuendelea. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, David Gal na Blakeley McShane, walichapisha utafiti kuhusu watu waliojiunga na mpango wa kulipa madeni, wakaonyesha kwamba wale waliofunga baadhi ya akaunti zao za deni mapema walielekea zaidi kuyamaliza yote, hata kama kiasi walicholipa hakikuwa kikubwa. Matokeo hayo yanastahili heshima, kwa sababu deni humchosha mtu moyo kabla ya kumchosha mfuko.

Hata hivyo, kwa hali ya Arusha njia zote mbili zina upungufu, kwa kuwa ziliandikwa kwa ajili ya watu wenye mshahara wa mwezi na kadi za mkopo. Hapa deni la kwanza kumalizwa linapaswa kuwa lile linalodai kila siku au lile linaloshikilia chombo cha kazi. Rejesho la kila siku humlazimisha mfanyabiashara kuuza kwa hasara siku ya mvua ili tu afisa mikopo asiondoke mikono mitupu, na dhamana ya cherehani au pikipiki ikichukuliwa, madeni yote mengine hukosa mlipaji. Ndiyo maana deni la namna hiyo, hata likiwa la kati kwa ukubwa, lina haki ya kutangulia.

Mfano wa hesabu utasaidia. Muuza mitumba ana kausha damu lililobaki shilingi 260,000, ambalo analipa shilingi 13,000 kwa siku kwa siku 20 zijazo. Mkopo wa simu wa shilingi 80,000. Deni la duka shilingi 45,000. VICOBA shilingi 600,000. Na SACCOS shilingi 1,200,000. Orodha hiyo inatisha, lakini ndani yake tayari kuna silaha, nayo ni zile shilingi 13,000 ambazo amekwisha kuzoea kuzitoa. Kausha damu likiisha, asilirudie, wala asiziache shilingi 13,000 zipotelee kwenye matumizi. Aendelee kuzitoa kila siku kama vile afisa mikopo bado anapita. Mkopo wa simu utaisha ndani ya siku 7 na deni la duka ndani ya siku 4. Kwa takribani mwezi mmoja wadai watatu kati ya watano watakuwa wameondoka, bila mapato yake kuongezeka hata kidogo. Kisha fedha hizohizo, zikitolewa siku 26 za kazi, ni shilingi 338,000 kwa mwezi, na kwa kiasi hicho deni la VICOBA litakwisha kabla mwezi wa pili haujaisha.

Ikumbukwe kwamba mikopo mingi ya kiwango bapa haipunguzi riba hata ikilipwa mapema, na kwa mikopo ya aina hiyo hakuna riba inayookolewa kwa kuharakisha. Kinachotakiwa ni kuimaliza kwa tarehe zake na kukataa nyongeza ambayo mkopeshaji huitoa kwa tabasamu mkopo unapokaribia kuisha. Kukopa huku ili kulipa kule ni kuchimba shimo ili kufukia shimo, na nyongeza ya mkopo juu ya mkopo ndiyo sura yake ya kawaida kabisa.

Simu ya mkononi imefanya uchimbaji huo kuwa rahisi kupita kiasi. Tangu huduma ya mikopo ya simu ya M-Pawa ilipoanza mwaka 2014 na huduma nyingine kufuata, mtu anaweza kukopa usiku wa manane bila kumwangalia yeyote usoni, na huduma za kukamilisha muamala pale salio linapopungua hutoza ada inayoendelea kuhesabiwa kadiri deni linavyokaa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 na CGAP, kituo cha utafiti kilichoko ndani ya Benki ya Dunia, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wakopaji wa kidijitali nchini Tanzania walikuwa wamewahi kuchelewa kulipa. Baadaye zilikuja programu tumishi ambazo hazina leseni, ambazo huchota majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu, wakwe na wafanyakazi wenzake ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 ya namna hiyo yaliyokuwa yakikopesha bila idhini. Mkopaji aliyetendewa hivyo anaweza kulalamika pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kulalamika hakufuti fedha aliyopokea, lakini aibu si njia halali ya kukusanya deni, na deni lenyewe ni shauri la madai, halimgeuzi mtu kuwa mhalifu.

Kwa wakopeshaji halali, hatua yenye faida kubwa ni ile ambayo wakopaji huiogopa kuliko zote: kwenda ofisini kabla ya rejesho kukosekana. Kaya nyingi hufanya kinyume, zikazima simu na kubadilisha njia ya kupita, na kimya hicho humfanya mkopeshaji aamini kwamba mteja ametoroka. Dereva wa watalii anayekwenda benki au SACCOS mwezi Februari akiwa na ukurasa wake wa miezi 12, akaonyesha kwamba Aprili na Mei hatakuwa na safari na kuomba alipe riba peke yake kwa miezi hiyo kisha aongeze rejesho kuanzia Julai, ana hoja ambayo mkopeshaji anaweza kuipeleka mezani. Utaratibu huo, unaoitwa urekebishaji wa mkopo, una gharama, kwa sababu muda ukirefushwa riba nayo huongezeka, na kila kilichokubaliwa kinapaswa kuandikwa na kusainiwa. Lakini gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ya mnada.

Mnada wa nyumba au shamba nao una masharti yake. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na mkopaji aliyeshindwa anapaswa kupewa taarifa ya maandishi ya siku 60 chini ya Sheria ya Ardhi kabla mkopeshaji hajauza; siku hizo 60 ni nafasi ya mwisho ya kuzungumza, na hazifai kupotezwa kwa kumtafuta mganga au mkopeshaji mwingine. Kwa Wameru suala la ardhi lina uzito wa pekee. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wa Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kuwatetea, katika safari iliyogharimiwa kwa michango ya wananchi wenyewe. Ardhi iliyopiganiwa kwa namna hiyo haistahili kuwa dhamana ya mkopo wa sherehe.

VICOBA vinastahili kutazamwa kwa namna tofauti na wakopeshaji wengine. Asili ya mtindo wa vikundi hivi ni vikundi vya akiba ambavyo shirika la CARE lilianza kuvisaidia nchini Niger mwaka 1991, na Tanzania vimeenea kiasi kwamba ni vigumu kupata mtaa wa Moshono au kijiji cha Poli kisicho na kikundi. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopa kwa kiwango kinacholingana na hisa zao, na riba wanayolipa hurudi kwao wenyewe kikundi kinapogawana mwishoni mwa mzunguko. Kwa hiyo riba ya VICOBA, hata ikionekana kubwa, haiondoki kabisa mfukoni mwa mkopaji. Kwa mantiki hiyo, ingawa kukopa huku ili kulipa kule ni hatari kwa kawaida, mtu mwenye kausha damu na VICOBA kwa pamoja anafanya vyema kukiomba kikundi mkopo mmoja wa kulifuta kausha damu, ilimradi awaeleze wenzake ukweli wote na asirudi tena kule alikotoka. Anaweza pia kulipanga gawio lake la Desemba kabla halijafika, liende kwenye deni au kwenye mahitaji ya Januari, badala ya kulisubiri kama fedha ya kushtukiza.

Ipo pia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2024, na maombi yake huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, iwe ni Halmashauri ya Jiji la Arusha au Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Ni mikopo ya kuendeshea shughuli za uzalishaji za kikundi, si ya kulipia madeni ya nyuma, na anayeitumia kwa jambo la pili huwaingiza wenzake wote matatizoni.

Mwenye mshahara ana njia fupi zaidi. Makato yake hufanyika kabla fedha haijamfikia, na kwa mtumishi wa umma theluthi moja ya mshahara inapaswa kubaki mikononi mwake baada ya makato yote, yakiwemo yale ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Walimu na wauguzi wanaoikabidhi kadi ya benki kwa mkopeshaji wa mtaani huivunja kinga hiyo kwa mikono yao, kwa kuwa ile theluthi iliyolindwa na sheria huchukuliwa yote siku ya mshahara. Kadi na namba ya siri havipaswi kutoka mikononi mwa mwenyewe kwa sharti lolote, na aliyekwisha kuvitoa aanze kwa kubadili namba ya siri, kuomba kadi mpya benki na kukubaliana upya na anayemdai kuhusu rejesho analoliweza.

Linabaki jambo ambalo daftari peke yake haliwezi kulitatua, nalo ni mazungumzo ya nyumbani. Madeni mengi hufichwa kwa mume au mke, na yanayofichwa hayalipiki, kwa sababu mmoja anabana huku mwenzake anaahidi mchango wa harusi ya ndugu. Michango ni sehemu njema ya maisha ya watu wa Arusha na Meru, na hakuna sababu ya kuiacha, lakini kaya yenye deni la kila siku ina haki ya kupunguza kiasi kwenye kadi, kwenda na zawadi ya shambani, au kufanya kipaimara kwa chai na ibada ya shukrani. Wachungaji, mashehe na wazee wa ukoo wangefanya kazi kubwa kama wangelisema jambo hili hadharani, ili anayepunguza asionekane amewadharau wenzake.

Kiasi kidogo cha akiba kiwekwe pembeni hata deni likiwa bado lipo, kwa sababu homa ya mtoto au pancha ya tairi ndiyo humrudisha mkopaji kwenye programu ya simu. Na siku deni linapokwisha, mlipaji adai barua ya kumaliza mkopo, arudishiwe hati, kadi ya pikipiki au kitu chochote alichoweka dhamana, kisha aombe taarifa yake kwenye mojawapo ya taasisi za kumbukumbu za wakopaji zilizopewa leseni na Benki Kuu, ahakikishe jina lake limeandikwa kuwa amelipa. Kumbukumbu hiyo ndiyo benki itakayoisoma siku atakapoomba mkopo wa riba nafuu, na isiposahihishwa mapema, aliyelipa hadi shilingi ya mwisho huendelea kuhesabiwa pamoja na wale ambao hawajalipa.